Neno la Kumwita Jacklyne

Mwaka huo shule moja ya mtaa wa Karen, Nairobi, ile yenye farasi wa kupandwa na bwawa la kuogelea, iliamka asubuhi moja ikagundua kwamba iko Afrika. Kwa muda mrefu ilikuwa imewakataza watoto kusema Kiswahili hata wakiwa uwanjani wakicheza. Sasa iliwatangazia wazazi kwamba Kiswahili ni urithi na fahari yetu, na kwamba hakuna mtoto mpya atakayepokewa kabla mwalimu hajaitembelea familia nyumbani akajionea kama lugha hiyo inaishi humo. Karo nayo ilipandishwa, ili urithi upate pa kukaa.

Huko Kileleshwa, kwenye ghorofa ya nne ya jengo moja la wapangaji, tangazo hilo lilipokewa kama taarifa ya msiba. Muigai alikuwa afisa wa mikopo katika benki moja ya Upper Hill. Mkewe, Waithera, alikuwa afisa wa maslahi ya wafanyakazi katika kampuni ya bima iliyokuwa upande wa pili wa barabara. Walikuwa wamemlea binti yao Janice, sasa mwenye umri wa miaka kumi, kwa Kiingereza peke yake. Kiswahili walikitumia kama watu wanavyotumia ndala: cha kutokea langoni kuzungumza na bawabu, cha kununulia sukuma wiki, na cha kumwagizia kazi Jacklyne.

Jacklyne alikuwa msichana wao wa kazi. Alitoka Busia wakati Janice akitambaa, akamfundisha kutembea, kufunga viatu na kupenga kamasi. Alikuwa mtu wa maneno machache mbele ya wenye nyumba na maneno mengi mbele ya mtoto, na hakuna aliyewahi kuuliza maneno hayo yalikuwa ya lugha gani.

"Tutafute mwalimu," alisema Waithera.

"Tumepatikana," alisema Muigai. "Hata mimi mwenyewe nilianguka Kiswahili."

*

Mwalimu waliyempata aliitwa Oduor. Alikuwa amestaafu, na tangu shule ile itoe tangazo lake alikuwa hapati hata nafasi ya kukata nywele, kwa jinsi wazazi wa Kileleshwa na Lavington walivyomgombania. Alifika Jumamosi, akaketi kwenye meza ya kulia, akawaweka Janice na baba yake upande mmoja kama wanafunzi wa dawati moja. Waithera alisikiliza akiwa kwenye sofa, simu mkononi.

"Msomi, somo, masomo, kisomo," alisema Oduor. "Ondoeni kile kinachobadilika. Kinabaki nini?"

"Som," alisema Janice.

"Huo ndio mzizi. Vile vya mbele ni viambishi tu, vinakuja na kwenda. Sasa ukiushika mzizi, hata neno ambalo hujawahi kulisikia utalikisia maana, na utalipatia kisawe chake. Chukueni mkufunzi. M ni nini?"

"Ni mtu," alisema Janice.

"Na mzizi? Funza. Kufunza ni kufanya nini? Ni kufundisha. Mtu anayefundisha. Basi kisawe cha mkufunzi ni…"

"Mwalimu!" Muigai alimwahi binti yake, na mkono alikuwa ameunyoosha juu.

Kazi ya Muigai benki ilikuwa kuuchukua mshahara wa mtu, kuuondolea hiki na kile, na kutazama kinachobaki. Hakuwa amejua kwamba maneno nayo hufanyiwa hivyo. Juma hilo lote alivunja maneno: bafuni, ofisini, kwenye foleni ya magari barabara ya Ngong. Mpishi, pika. Mchezo, cheza. Kilio, lia. Aliona kana kwamba alikuwa ameibiwa utotoni na sasa alikuwa akirudishiwa mali yake.

Jumamosi iliyofuata Oduor aliona moto unawaka kupita kiasi, akajaribu kuupunguza. "Lakini muwe waangalifu. Si kila neno linavunjika. Mengine sura yake inadanganya. Mkate si mtu anayekata."

Wote walicheka, na Muigai ndiye aliyecheka zaidi. Masomo yalipokwisha alimsindikiza mwalimu mpaka kwenye lifti, akamwambia kwamba njia ameielewa, yaliyobaki ni mazoezi, na kwamba watamwita tena ikibidi. Oduor alimtazama kwa huruma ya mtu aliyeona mengi, akabonyeza kitufe, milango ikajifunga.

Mazoezi hayakuchelewa. Wapangaji wa jengo walikutana kwenye maegesho kulalamikia maji, yaliyokuwa yakitoka bombani siku moja na kupotea siku mbili. Muigai aliomba kusema.

"Wachumba wenzangu!" alianza, akatulia kidogo ili neno liwaingie. "Sisi wachumba wa jengo hili tumevumilia vya kutosha. Mwenye nyumba lazima ajue kwamba mchumba ana haki zake. Mchumba analipa kila mwezi!"

Mama mmoja wa ghorofa ya pili alifunika mdomo kwa mkoba. Vijana wa ghorofa ya sita walipiga makofi kwa nguvu na kumwomba aendelee. Hakuna aliyemsahihisha. Nusu yao hawakuwa na hakika, na nusu ya pili hawakutaka amalize.

"Umeona vile walifurahi?" alimuuliza mkewe wakipanda ngazi.

"Mchumba si ni mtu unataka kuoa?"

"Hiyo ni maana ya watu wa mtaani. Angalia mzizi. Chumba. Mtu wa chumba. Kisawe, mpangaji."

Waithera hakubisha. Tangu waoane alikuwa amejifunza kwamba kuna vita vya kupigana na vingine vya kuacha vipite, na hakuona hasara yoyote katika hivi.

*

Shule ilipowaandikia kwamba mwalimu atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, iliwapa pia maelekezo. Kila mtu anayeishi katika nyumba atambulishwe kwa jina la heshima la Kiswahili linaloonyesha nafasi yake katika familia. Baba na mama hawakuwa na tatizo. Mtoto pia.

"Jacklyne tutamwita nini?" aliuliza Waithera wakiwa mezani. Jacklyne mwenyewe alikuwa jikoni akiosha sufuria, na mlango ulikuwa wazi, lakini walikuwa wamezoea kumzungumzia kana kwamba ukuta umesimama hapo.

"Hausigeli?"

"Hiyo ni Kiingereza imefungwa leso."

"Yaya?"

"Yaya ni wa mtoto mdogo. Watauliza kwa nini msichana wa miaka kumi ako na yaya."

"Oduor alisema mfanyakazi wa nyumbani," alisema Muigai.

Waithera aliweka uma chini. Ofisini yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza mameneja ni nini wanachodaiwa na sheria. "Mfanyakazi, hapana. Hilo neno liko na mambo mengi nyuma yake. Ukisema mfanyakazi, mtu anakuuliza mkataba uko wapi. Anauliza likizo. Anauliza siku ya kupumzika."

"Kwani hapumziki?"

"Anapumzika lini?" aliuliza Waithera, wala hakuwa akimlaumu mumewe. Alitaka kujua kwa dhati, ili wakiulizwa wawe na jibu.

Muigai alirudi kwenye uwanja wake. "Basi tunahitaji kisawe. Kitu iko na kazi ndani, lakini imelainishwa." Aligongagonga meza kwa kidole. Kisha uso wake ukang'aa. "Kijakazi."

"Ki nini?"

"Kijakazi. Sikiza. Ki ni ya upole, kama kijana, kama kitoto. Ja ni kuja. Kazi ni kazi. Mdogo wetu anayekuja kutusaidia kazi. Na si mimi nimelitunga, nina hakika nimewahi kulisikia kanisani."

Waithera alilitamka polepole, mara mbili. Lilikuwa na mwendo mzuri. "Na mfanyakazi haimo ndani?"

"Kazi imo. Mfanya haimo."

"Sawa," alisema Waithera, akachukua uma wake.

*

Walimwita sebuleni. Muigai alimwambia aketi, na Jacklyne alipoambiwa aketi alijua amefutwa. Alikaa ukingoni mwa sofa, mikono katikati ya magoti, akijaribu kukumbuka ni kitu gani kilichovunjika juma hilo.

"Jacklyne," alianza Muigai, "kuanzia leo hatutaki mtu akuite hausigeli hapa ndani. Hatutaki kusikia mboch. Hayo ni maneno ya kudharau mtu. Wewe ni kijakazi wetu."

"Kijakazi," alirudia Jacklyne.

"Kiswahili sanifu kabisa. Mwalimu akija, ukimletea chai, unajitambulisha hivyo."

Jacklyne aliacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki, na maneno mengi aliyofundishwa yalikuwa yamemtoka. Hili lilimjia kama kitu alichowahi kukisikia kikisomwa kwa sauti kubwa, mahali pa heshima. "Ni kama cheo, Baba Janice?"

"Unaweza kusema hivyo."

"Asanteni." Alisimama, akasita, akasema tena, "Asanteni sana." Waithera alijishughulisha na simu yake. Alikuwa amejitayarisha kwa swali la mshahara, na swali hilo halikuja.

Kesho yake, akianika nguo kwenye roshani, Jacklyne alimpigia mama yake simu. Mama yake aliitwa Lornah, mjane aliyeuza ndizi sokoni na kuimba kwaya. "Mama, wamenibadilishia jina ya kazi. Sasa mimi ni kijakazi." Mama Lornah hakulijua neno hilo, lakini alilisikia furaha iliyolibeba. Jumapili aliwaambia wanawake wenzake kanisani kwamba binti yake wa Nairobi amepandishwa, na mwenyekiti wa akina mama akamtaja katika maombi.

*

Mwalimu Mwongeli alikuja kwa bodaboda. Muigai, aliyekuwa amesimama dirishani akingojea gari la shule, alimwona mwanamke mfupi akivua helmeti na kupangusa vumbi kwenye sketi, akadhani ni mtu wa kuleta mzigo. Mwongeli alipofunguliwa mlango alisalimia kila mtu kwa mkono, akiwemo Jacklyne, akaketi.

Alianza na mtoto. Hakumuuliza wingi wa nini wala kinyume cha nini. Alimwambia asimulie tu asubuhi yake inavyokwenda.

"Asubuhi Anti Jackie ndiye ananiamsha," alisema Janice. "Nikikataa ananiambia, wewe mtoto, unataka jua likukute kitandani lifikiri wewe ni mgonjwa, likurudie kesho na maua? Halafu ananipima joto na kijiko cha chai. Baridi! Naruka."

Mwongeli alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Hii hadithi umefundishwa wapi kuisimulia hivi?"

"Jikoni," alisema Janice.

Muigai na Waithera walitazamana. Walikuwa wamemlipa Oduor.

"Mtoto yuko vizuri," alisema Mwongeli. "Vizuri sana. Sasa nijulisheni wengine."

Muigai alisimama. Alimtambulisha mkewe kuwa nguzo ya nyumba, akajitambulisha mwenyewe kuwa mlezi na mtunzaji, na kwa kuwa Jacklyne alikuwa akiingia wakati huo huo na chupa ya chai, alimnyooshea mkono kama mtu anayezindua jengo. "Na huyu, mwalimu, ni kijakazi wetu."

Jacklyne alitabasamu. Alikuwa amefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. "Karibu mwalimu. Mimi ni Jacklyne, kijakazi wa nyumba hii."

Tabasamu la Mwongeli lilipotea. "Nani amekuita hivyo, dada?"

"Baba Janice."

Mwongeli aligeuka. Muigai aliamini kwamba wakati wake wa kusifiwa umefika, akaeleza. Alianza na ki, akaenda ja, akamaliza na kazi, akizichora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Mwongeli alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kama msimamizi wa mtihani ambaye ameshaona kosa na sasa anangoja tu kengele.

"Bwana Muigai," alisema, "hiyo ja si ya kuja. Ni ya mja, na mja ni mtumwa. Na hiyo kazi si kazi ya kufanya, ni alama ya kale ya kuonyesha mwanamke. Kijakazi ni mtumwa wa kike. Ndivyo walivyoitwa wale waliokuwa wakinunuliwa."

Jacklyne alikuwa bado ameshika chupa kwa mikono miwili.

"Wa kununuliwa?" aliuliza.

"Ndivyo lilivyotumika. Pole, dada yangu."

"Lakini mimi nilimaanisha anayekuja kazini!" alisema Muigai. "Anayekuja kazini tu!"

"Mimi sikuji kazini, Baba Janice," alisema Jacklyne. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia. "Mwenye anakuja kazini ni yule anarudi kwake jioni. Mimi nalala hapo nyuma ya jikoni."

"Na masanduku," alisema Janice, aliyekuwa bado anafikiri wanasimulia. "Na mtungi wa maji, na baiskeli yangu ya zamani. Anti Jackie akitaka kugeuka lazima atoe baiskeli kwanza."

"Janice, enda chumbani," alisema Waithera.

"Siku yako ya kupumzika ni ipi, Jacklyne?" aliuliza Mwongeli.

Jacklyne alimtazama Waithera, kwa mazoea, kama anayeomba ruhusa ya kujibu. Mwongeli naye akamtazama Waithera. Na Waithera, ambaye kwa Kiingereza angeweza kueleza tofauti ya likizo ya mwaka na likizo ya ugonjwa huku akipaka rangi ya kucha, alifungua mdomo akakuta hamna kitu. Kiswahili chake chote kilikuwa cha kuamrisha. Leta. Ondoa. Panguza. Harakisha.

"Tuko kwa mpango," alisema mwishowe.

Mwongeli alimaliza chai yake, maana hakuwa mtu wa kumwaga chai ya mwenzake. Alimshukuru Jacklyne kwa chapati. Mlangoni alimwambia Muigai, "Mkate si mtu anayekata, hamkufundishwa?" Kisha akaenda zake na bodaboda.

*

Kwamba yaliyotokea yalikuwa aibu, Muigai na Waithera walikubaliana. Walichotofautiana ni aibu hiyo ilikuwa ya nani.

"Wewe ndiye ulileta hilo neno," alisema Waithera.

"Na nani alikataa mfanyakazi?"

Jacklyne alipika chakula cha jioni kama kawaida, akakiweka mezani kama kawaida, ila hakuimba. Ni Janice aliyegundua. Wazazi hawakuwa wamejua kwamba huwa anaimba.

Jumatano shule ilipiga simu. Mwongeli alikuwa ameandika yote aliyoyaona, bila kuficha hata baiskeli. Mkurugenzi alisoma mstari wa kwanza, uliosema kwamba mtoto anasimulia kwa ufasaha adimu, akasoma mahali pa kazi pa wazazi, akaridhika. Janice alipokewa. Mkurugenzi aliwapongeza, kwa Kiingereza, kwa kuijenga nyumba ambamo Kiswahili kinaishi.

Waithera alishusha pumzi. Jioni hiyo alimwita Jacklyne, akamweleza kwamba kuanzia juma hilo Jumapili ni yake. Alisema kwa sauti ya ofisini, sauti ya mtu anayetoa. Alingoja kushukuriwa.

"Sawa, Mama Janice," alisema Jacklyne.

Jumapili aliondoka wakiwa bado wamelala. Muigai aliunguza wali, akaosha sufuria, akapika mwingine, akauunguza pia. Waithera alitafuta nguo za Janice za kanisani kwenye kabati zote, mpaka Janice mwenyewe akamwonyesha zinakowekwa. Walifika kanisani mahubiri yakikaribia kuisha, na Janice alikuwa amevaa soksi za rangi mbili.

Jacklyne alikuwa mjini. Alitembea barabara ya Moi kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akairudia upande wa pili, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimngoja. Alinunua chipsi, akazipeleka Bustani ya Jeevanjee, akakaa kwenye benchi karibu na mhubiri aliyekuwa akiwafokea watu waliolala kwenye nyasi. Alikuwa amekuja na jambo moja la kufanya, kumwambia mama yake ukweli, na alipoishika simu ikalia yenyewe mkononi.

"Kijakazi wangu!" ilisema sauti ya Mama Lornah, na nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wengine. "Niko na akina mama hapa kanisani. Wanataka kukusalimia. Semeni, semeni."

"Kijakazi, hujambooo!" walisema akina mama kwa pamoja, na mmoja akapiga kigelegele.

"Sijambo," alisema Jacklyne. "Nashukuru. Mtandao ni mbaya, mama, nitakupigia." Akakata. Chipsi zilipoa mapajani mwake, na mhubiri, aliyeona mwanamke analia, alidhani ni kazi ya mahubiri yake, akaongeza sauti.

*

Alirudi jua likiwa bado juu ya mapaa. Familia ilikuwa mezani, ikila mkate na blubendi. Walifurahi kumwona, na hakuna aliyejaribu kuficha furaha hiyo.

"Jackie! Umetuokoa," alisema Waithera. "Kuna wali pale, lakini sijui kama unaweza kusaidika."

Jacklyne hakuelekea jikoni. "Baba Janice, naomba upigie mama yangu simu."

"Kuna shida nyumbani?"

"Ameambia kanisa yote mimi ni kijakazi. Wameniombea. Leo wamenipigia vigelegele." Aliuweka mkoba vizuri begani. "Mimi siwezi kumwambia. Nimejaribu. Neno ni yako, mwambie wewe."

Muigai alicheka kidogo, kicheko cha benki, kile anachompa mteja kabla ya kumkatalia. "Jacklyne, hayo ni mambo madogo. Mama yako mwenyewe hajui maana. Akikaa hivyo kuna ubaya gani?"

"Siku moja atajua. Atajulia mbele ya watu, kama mimi."

Waithera aliingilia. "Tuongee kuhusu mshahara, Jackie. Nimekuwa nikifikiria, tunaweza kuongeza."

"Ya mshahara tutaongea mwisho wa mwezi, Mama Janice, nikifunga mizigo. Leo ni hii."

Neno mizigo lilitua mezani. Janice aliacha kutafuna. Waithera alimtazama mumewe kwa jicho ambalo halikuhitaji kuvunjwa ili lieleweke, na Muigai akachukua simu. Jacklyne alimtajia namba, tarakimu moja moja, kisha akasema, "Weka sauti kubwa."

Mama Lornah alipokea upesi. "Baba Janice! Ni wewe? Mungu akubariki, Mungu akuongezee. Umemuinua mtoto wangu."

"Asante, mama. Ndiyo… ninapiga kuhusu hilo. Kulikuwa na kutoelewana kidogo. Kuhusu lile neno."

"Neno gani?"

"Kijakazi. Unajua, mama, neno huwa na viambishi na mzizi. Sasa, ile ki ya mwanzo…"

"Baba Janice, mimi sikusoma hiyo ya kukatakata. Niambie tu."

Muigai alipangusa kipaji cha uso kwa kitambaa cha mezani. Alitafuta kisawe. Alivizungusha kichwani vyote alivyovijua, na kila alichokishika kilikuwa na neno lile lile ndani. "Ni mtumwa, mama."

Kutoka Busia ilisikika sauti ya kuku, na ya kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini taratibu.

"Wa kike," aliongeza Muigai, kwa ajili ya usahihi.

"Ulimwita mtoto wangu mtumwa."

"Sikujua maana, mama. Nakuapia. Nilikuwa natafuta jina la heshima la kumwita."

"Na jina lake halikuwa na heshima?"

"Lilikuwa nayo. Lina heshima, mama."

"Unalijua?"

"Nalijua! Jacklyne."

"Jacklyne nani?"

Muigai alimtazama mkewe. Waithera, ambaye ofisini alikuwa na majina matatu ya kila mtu mpaka mfagiaji, alianza kuokota makombo ya mkate kwenye kitambaa, moja moja. Janice alijinyoosha kwenye kiti, jina limeshamfika midomoni, na Jacklyne akamtikisia kichwa, kidogo tu. Mtoto akafunga mdomo.

"Baba Janice? Bado uko?"

"Niko, mama."

Alimgeukia Jacklyne. Naye alikuwa amesimama na mkoba begani, anamtazama, wala hakuwa na nia ya kumsaidia.

"Miaka yote hiyo amelala kwako," ilisema simu. "Fikiria. Mimi sina haraka, nangoja."